Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo: msitufanye tuombe upya kila muhula

Kwa wakuu wa vyuo, wajumbe wa mabaraza ya vyuo, wakuu wa vitivo na maofisa wa mitihani.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye uoni hafifu. Jicho moja halioni kabisa, la pili linasoma maandishi makubwa yakisogezwa karibu, na likichoka kompyuta ndiyo inayonisomea kwa sauti. Nimeamua barua hii iwe ya wazi kwa sababu zile za faragha wenzangu wameziandika sana, na jibu lake tumeshalikariri: suala lenu linafanyiwa kazi.

Ombi ni moja, nalitaja mapema ili asiye na muda alipate hapa hapa. Kazi ya kufuatilia marekebisho ya masomo na mitihani, kama muda wa ziada na karatasi za herufi kubwa, iondoke kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, ibebwe na chuo. Sera mnazo, na baadhi zimeandikwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Fomu mnazo. Asiyekuwepo ni mtu wa chuo ambaye mambo yakikwama ataulizwa yeye, badala ya kuulizwa mimi kwa nini sikukumbusha.

Utaratibu wa vyuo vingi uko hivi. Muhula unapoanza, mwanafunzi anakwenda ofisi inayoshughulikia ustawi wa wanafunzi akiwa na cheti cha daktari. Cheti lazima kiwe kipya. Neva ya jicho langu la kushoto ilikufa nikiwa mtoto, na tiba ya leo haina namna ya kuihuisha, lakini kila mwaka natakiwa nithibitishe kwamba bado sijapona. Daktari mwenyewe ameshazoea: anafungua barua ya mwaka uliopita, anabadilisha tarehe, anapiga muhuri. Mwenzangu aliyekatwa mguu naye huambiwa vivyo hivyo. Sijui huwa wanatarajia nini kimeota.

Baada ya hapo ofisi inatoa barua ya kuruhusu marekebisho, na barua hiyo naizungusha mwenyewe kwa wahadhiri. Hapo ndipo shughuli ilipo. Mmoja anaisoma na kusema hakuna shida. Wa pili anasema tutaona. Wa tatu anaisoma kwa sauti mbele ya foleni ya wanafunzi waliokuja kuuliza alama zao, kisha ananiambia somo lake halihitaji mambo hayo. Kila mmoja ana mamlaka ya kukubali au kukataa jambo ambalo chuo kilishalikubali. Wiki ya mitihani ikifika, ofisi ya mitihani inasema orodha haikuwafikia, nenda idarani. Idara inasema iliipeleka, rudi ofisi ya mitihani. Wakati wenzangu wanapitia madaftari, mimi napigwa danadana kwenye korido.

Sheria ya jambo hili si fumbo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006 na nchi nyingi sana duniani zimeuridhia. Ibara ya 24 inataja elimu ya juu waziwazi, kwamba mwenye ulemavu aipate kwa usawa na wengine na afanyiwe marekebisho yanayomfaa. Ibara ya 2 inaongeza jambo ambalo wakuu wengi hawajalisoma: kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi. Mkataba wenyewe haudai miujiza. Unakubali kwamba marekebisho yenye mzigo uliopita kiasi yanaweza kukataliwa. Sasa tujiulize, kumtumia mwanafunzi slaidi siku mbili kabla ya mhadhara ni mzigo uliopita kiasi? Kutumia kipaza sauti kilichokwisha kununuliwa na kiko juu ya meza?

Niseme kidogo kuhusu muda wa ziada, maana ndio unaoleta manung'uniko mengi, hata kwa wanafunzi wenzetu. Kisoma skrini, yaani programu ya kompyuta inayonisomea kwa sauti, husoma jedwali kisanduku kimoja baada ya kingine. Anayeona vizuri hutupa jicho mara moja akajua safu ya tatu ndiyo yenye namba kubwa. Mimi nasikiliza namba zote, nazishika kichwani, nikipoteza moja narudi mwanzo. Anayesoma kwa nukta nundu anapitisha vidole mstari kwa mstari. Anayeandikiwa na mtu mwingine lazima atamke jibu, asubiri liandikwe, aombe asomewe, arekebishe. Maswali ni yale yale na alama ya kufaulu haishuki. Muda huo unarudisha tu kile kilichopotea katika kuyafikia maswali, na anayejua somo vibaya atafeli hata akipewa mchana kutwa. Nimeshuhudia.

Lakini hata ukitolewa, angalieni unavyotolewa. Mnatuweka chumba kimoja na wengine. Muda wa kawaida unapokwisha, viti vinaburutwa, watu wanatoka wakilinganisha majibu mlangoni kwa sauti, msimamizi anaanza kuhesabu makaratasi na kila mara anainua shingo kuuliza, "Bado tu?" Dakika mlizonipa kwenye karatasi zinaliwa na kelele. Chumba kidogo cha pembeni na msimamizi mmoja anayejua atakaa hadi saa ngapi vingetosha.

Na karatasi yenyewe. Mtu akiambiwa kuna mwanafunzi wa uoni hafifu, anachukua mtihani uliochapishwa kwenye A4 na kuukuza kwenye mashine ya fotokopi uwe A3. Herufi za ukubwa wa 12 zikikuzwa hivyo hufika takriban 17, na kwa wengi wetu hazijatosha. Karatasi sasa ni kubwa kuliko meza, inaning'inia pembeni, alama za hesabu zimevimba na kuwa madoa, na mhimili wa grafu umekatwa ukingoni. Faili la mtihani lingefunguliwa kwenye kompyuta, herufi zikawekwa 24, likachapishwa kwenye A4 ile ile, kazi ingekwisha kwa dakika chache na bila gharama ya maana. Tatizo ni kwamba anayekuza hana faili, mwenye faili ni mhadhiri, na mhadhiri hakuambiwa. Kila kitu katika jambo hili kinarudi hapo: nani kaambiwa, na nani.

Wahadhiri wakali siwaogopi sana. Mkali ukimwonyesha kanuni, mara nyingi anaifuata, hata kama ananuna. Ninayemwogopa ni mwenye huruma. Huyu ataniambia, "Wewe swali la grafu liache, usijisumbue, alama zake nitakupa." Ananitakia mema, hilo sina shaka nalo. Lakini nitatoka chuoni na cheti kinachosema najua kusoma grafu, na siku ya kwanza kazini nitaulizwa grafu. Grafu hiyo ingeweza kuchapwa kwa mistari inayoguswa, au ikaelezwa kwa sentensi tatu zinazosema mihimili ni ipi, mstari unapanda wapi na unashuka wapi, nami nikaifanyia hesabu kama wengine. Alama za bure zinamwokoa mhadhiri na kazi ya kuandika sentensi hizo tatu. Huruma ya namna hii ndiyo inayowafanya waajiri watazame vyeti vyetu kwa wasiwasi, na siwezi kuwalaumu wote.

Upande wa vitabu na maandiko, malalamiko yangu ni ya kila siku. Mhadhiri anapakia sura ya kitabu iliyoskaniwa. Kwa macho yenu ni maandishi. Kwa kisoma skrini ni picha, na picha haisomeki. Programu za kuyatambua maandishi ndani ya picha zipo, ila zikikutana na ukurasa uliopigwa ukiwa umepinda, wenye vidole vya mtu pembeni na mistari ya kalamu juu ya maneno, hutoa vurugu tupu. Maktaba nazo huniambia haziwezi kunipa nakala ya kielektroniki kwa sababu ya hakimiliki. Mwaka 2013 ulifikiwa Mkataba wa Marrakesh mahsusi kwa jambo hili, ukaanza kutumika 2016. Nchi zilizojiunga nao zinatakiwa ziruhusu nakala zinazosomeka na wasioona kutengenezwa, na hata kuvuka mipaka, bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Mkutubi asiyeujua mkataba huu halaumiwi. Alaumiwe nani basi, kama si aliyepaswa kumfundisha?

Mifumo ya mtandaoni ya kujisajili na kufanya majaribio ina kasoro zake. Vitufe visivyo na majina, picha za kuthibitisha kwamba wewe si roboti zisizo na sauti, saa inayokutoa nje ya ukurasa kabla hujamaliza kuusikiliza. Viwango vya kimataifa vya kurasa za wavuti zinazofikika vipo tangu 1999 na vimekuwa vikiboreshwa. Vimeingia hadi kwenye rangi, kwamba maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwangaza ya angalau 4.5 kwa 1 na kile kilicho nyuma yake. Mnaponunua mfumo, viandikeni kwenye mkataba wa manunuzi. Mfumo ukishanunuliwa, kurekebisha ni vita.

Nisionekane nazungumzia macho tu. Wenzangu viziwi wakipata mkalimani wa lugha ya alama, wanapata mmoja kwa mhadhara wa saa mbili. Kazi ya ukalimani inachosha akili haraka, ndiyo maana kwa vipindi virefu huwa wawili wanaopokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini hivi. Mmoja akichoka anaanza kuruka maneno, na kiziwi hana namna ya kujua kilichorukwa. Mkalimani naye anahitaji kupewa slaidi mapema, kwa sababu istilahi za kemia au sheria hazikisiwi papo hapo. Halafu kuna jambo dogo ambalo wanaosikia huwa hawalifikirii: macho ya kiziwi yako kwa mkalimani, hivyo hawezi kuinamia daftari. Akiandika, amekosa. Kwa hiyo anahitaji mtu wa kumwandikia maelezo, au nakala ya maelezo ya mhadhiri. Ukimpa mkalimani bila hilo la pili, umempa nusu.

Watumiaji wa viti mwendo watasema yao vizuri kuliko mimi. Mimi niseme tu kwamba viwango vingi vinataka njia ya mteremko isizidi 1 kwa 12, yaani kila sentimeta 10 za kupanda zipewe sentimeta 120 za urefu, na kwamba baadhi ya njia nilizoziona zinafaa kupigwa picha za ripoti kuliko kupandwa. Na lifti yenye funguo mfukoni mwa mtu aliyetoka si lifti.

Wapo pia wale msiowaona. Mwenye selimundu, ambaye maumivu yakimshika hayatoi taarifa wala hayasubiri mtihani uishe. Mwenye kifafa. Mwenye disleksia, anayelijua somo lakini herufi zinamsumbua. Mwenye usonji, anayeshindwa kufikiri chini ya taa inayopepesa. Mwenye msongo mkubwa au ugonjwa wa akili, anayetumia dawa zinazompa usingizi asubuhi. Hawa wanapata shida ya aina yake, kwa kuwa ili wasaidiwe lazima kwanza wajitangaze, na wakijitangaza siri inafika bwenini kabla ya jioni. Mhadhiri hahitaji kujua jina la ugonjwa wa mtu. Anahitaji kujua kwamba mwanafunzi huyu akikosa kipindi kwa sababu iliyothibitishwa, kanuni ya mahudhurio isimfukuze kwenye mtihani, basi. Kubandika ubaoni orodha ya "wanafunzi wenye mahitaji maalumu" pamoja na ulemavu wa kila mmoja ni jambo lisilo na utetezi, na bado linafanyika.

Najua mtakachosema. Fedha hakuna, wahadhiri wamelemewa, na wapo wanafunzi watakaojifanya walemavu wapate muda wa ziada. La fedha nakubali kwa sehemu: wakalimani na lifti vinagharimu. Mengi niliyoyataja juu hayagharimu. La wahadhiri ni kweli kabisa, na ndiyo sababu nataka kazi hii iwe na mwenyewe badala ya kuachiwa kila mhadhiri aibuni upya. La wadanganyifu, sikatai kwamba wapo. Lakini hakuna mtu anayefuta mikopo ya wanafunzi kwa sababu wapo walioghushi fomu.

Tena haya si majaribio mapya. Mwaka 1962 Ed Roberts, kijana aliyepooza kwa polio tangu akiwa na miaka 14, alianza masomo Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Usiku alilala ndani ya pafu la chuma, mashine iliyomsaidia kupumua, na hakukuwa na bweni la kuimudu. Chuo kikampa chumba katika hospitali yake ya wanafunzi. Kilianza kama suluhisho la dharura kwa mtu mmoja. Wakafuata wengine wenye ulemavu mkubwa, na kufikia 1970 walikuwa na programu yao waliyoiendesha wenyewe, inayotafuta wasaidizi, nyumba zinazofikika, na mafundi wa viti mwendo, kwa sababu kiti kikiharibika Jumatatu na kutengenezwa Ijumaa, wiki ya masomo imekwenda. Idara ya jimbo iliyogharamia masomo ya watu wenye ulemavu ilikuwa imekataa mwanzoni kumsaidia Roberts ikimwona hataweza kuajiriwa. Katikati ya miaka ya 1970 aliteuliwa kuiongoza idara hiyo hiyo.

Na kwa wale wanaoamini kwamba kamati ya watu wema inatosha: Chuo Kikuu cha Gallaudet, Washington, kilianza 1864 kwa ajili ya viziwi, na kwa zaidi ya miaka 120 hakikuwahi kuongozwa na kiziwi. Machi 1988, katika kumtafuta mkuu mpya, bodi ilikuwa na majina matatu mwishoni, mawili ya viziwi, ikachagua la tatu. Wanafunzi wakafunga malango ya chuo. Ndani ya wiki moja mkuu aliyechaguliwa alijiuzulu, I. King Jordan akawa mkuu wa kwanza kiziwi, na bodi ikakubali kwamba walio wengi ndani yake wawe viziwi. Kamati zenu za watu wenye ulemavu nimeziona majina. Mwenye ulemavu akiwemo, huwa ni mmoja, anaitwa mwalikwa, na hapigi kura.

Basi ninachoomba kifanyike ni hiki. Mwanafunzi akithibitishwa mara moja anapojiunga, na hali yake ikiwa ya kudumu, uamuzi udumu hadi amalize, na ufunguliwe upya pale tu yeye anapotaka ubadilishwe. Uamuzi huo uingizwe kwenye mfumo wa usajili ili kila somo analojisajili limpelekee mhadhiri maelekezo moja kwa moja, yakiwa maelekezo kweli, si ombi, na bila jina la ugonjwa. Ofisi ya mitihani ipokee faili la kila mtihani mapema ya kutosha kulichapa kwa herufi kubwa, nukta nundu au kuliweka kwenye kompyuta, na iwe ndiyo inayomtafuta mhadhiri aliyechelewa. Mwanafunzi aliyenyimwa awe na mahali pa kukata rufaa na ajibiwe kabla ya tarehe ya mtihani, kwa sababu rufaa inayokubaliwa matokeo yakishatoka haina kazi. Kamati ziwe na wajumbe wenye ulemavu, zaidi ya mmoja, wenye kura. Na juu ya yote awepo ofisa mmoja, mwenye cheo cha kumwamrisha mkuu wa idara, ambaye jina lake limebandikwa mahali pa wazi na tathmini yake ya kazi inapimwa kwa hili. Mwisho wa mwaka atoe ripoti: maombi yalikuwa mangapi, mangapi yalitekelezwa kwa wakati, mangapi hayakutekelezwa na kwa nini.

Mimi namaliza muhula huu, kwa hiyo mengi ya haya hayatanifaa. Wapo walio mwaka wa kwanza ambao sasa hivi wanazungusha barua.

Jibu lenu, likiwepo, naomba lije kama maandishi ya kawaida ndani ya barua pepe. Barua iliyochapishwa, ikapigwa muhuri, kisha ikaskaniwa, kompyuta yangu itasema tu "picha", na itabidi nitafute mtu wa kunisomea mlichoamua.

Wenu katika masomo,
Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho